Sinia ndani ya miwani

Mwaka juzi kwenye viwanja vya Sabasaba, pale Barabara ya Kilwa, nilitoa elfu tano nivae miwani ya uhalisia pepe. Kijana mwenye banda alinikaza mkanda nyuma ya kichwa, akanishikisha vidude viwili mikononi, na mara nikajikuta juu ya ghorofa refu, mbele yangu ubao mwembamba umechomoza hewani. Nilijua fika niko bandani. Nilisikia muziki wa banda la jirani na mtu akinadi masufuria. Hata hivyo mguu uligoma. Magoti yalilegea, viganja vikalowa.

"Mama, tembea tu, hapo ulipo ni kwenye zulia," kijana aliniambia huku akicheka.

Zulia nalijua. Mguu ndio uliokuwa haujui.

Nimeanza na goti langu kwa sababu watu wakisikia kwamba kijana asiyekula, au anayekula kwa pupa kisha akatapika, anaweza kutibiwa kwa miwani ya michezo ya kompyuta, wengi huguna. Mguno huo nauelewa. Lakini aliyewahi kusimama juu ya ule ubao ameshaelewa nusu ya tiba hii: kichwa kinaweza kujua jambo moja na mwili ukaamini jingine, na maneno matupu hayaufikii mwili.

Tuanze na maradhi yenyewe, maana majina yake yanapotosha. Anoreksia kwa asili ya Kigiriki ni kukosa hamu ya kula, na daktari William Gull wa London aliposambaza jina hilo miaka ya 1870 aliwaachia watu mkanganyiko unaodumu hadi leo. Mwenye anoreksia ana njaa, tena kali. Anachokosa ni ruhusa ya kuituliza, kwa kuwa hofu ya kunenepa imekuwa kubwa kuliko njaa. Bulimia, ambayo Gerald Russell aliielezea kitabibu mwaka 1979, ni mzunguko: mtu anakula chakula kingi kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia, kisha anahangaika kukifuta alichokula, kwa kutapika au njia nyingine. Yupo pia anayekula kwa pupa namna hiyo bila kufuta chochote. Huyu mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili ulimpa jina lake rasmi mwaka 2013, na mtaani tunamwita mlafi tu, basi. Maradhi haya huanza sana katika umri wa kubalehe, mwili unapobadilika na macho ya watu yanapoanza kuhesabu mabadiliko hayo. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Potasiamu ikishuka mwilini kwa sababu ya kutapika au njaa, mapigo ya moyo huvurugika bila kujali sura ya mtu kwa nje, na kijana anayeonekana mzima kabisa anaweza kuwa hatarini.

"Hayo ni ya Wazungu." Nimeisikia kauli hiyo barazani, kazini, hata kwenye benchi la kusubiri daktari. Jibu zuri linatoka kwenye visiwa vya Fiji, ambako, kama pwani yetu, mwili mnene ulikuwa sifa na kumlisha mgeni hadi achoke ni adabu. Televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker wa Harvard aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baadaye, kisha akawahoji wengine wa rika lilelile mwaka 1998. Waliopata alama za hatari kwenye dodoso la ulaji walikuwa asilimia 12.7 mara ya kwanza na asilimia 29.2 mara ya pili. Miaka mitatu tu, na hapo hakukuwa na simu yenye kichujio cha kuchonga kiuno. Kwetu pia, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wanawake na wasichana wa Tanzania ulikuta dalili za ulaji wenye matatizo, na ulizihusisha na kuangalia vyombo vya habari vya nje.

Tena Dar ina lake la ziada. Binti wa Tabata akienda harusini shangazi humsifia: "Eeh, umenawiri, umenenepa!" Jioni hiyohiyo anafungua simu, anakuta tangazo la chai ya kukata tumbo. Akikonda anaulizwa kama anaumwa, na katika jiji lililozika watu wengi kwa UKIMWI, swali hilo lina kivuli chake. Akiongezeka, wenzake darasani wanamwita bonge. Mwili mmoja unasomwa na wasomaji watatu, na kila mmoja ana alama zake. Ramadhani nayo inaweza kuficha mengi: mchana mzima hakuna anayeshangaa kwa nini huli, na futari ikifika unasema tumbo limejaa maji. (Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, ila ruhusa hiyo haina kazi kama hakuna aliyeujua ugonjwa.)

Sasa miwani. Ndani yake mna vioo viwili vidogo, na kila jicho linapewa picha yake, zikitofautiana kidogo kama macho yetu yanavyotofautiana, ndipo ubongo unapozishona kuwa kitu chenye kina. Vihisi vinafuata kichwa: ukigeuka kushoto, ulimwengu nao unageuka, haraka kiasi kwamba ubongo haupati mwanya wa kutilia shaka. Picha ikichelewa, tumbo linachafuka kama la abiria wa boti ya Zanzibar wakati wa kusi. Wazo si geni. Ivan Sutherland alijenga kifaa cha kuvaa kichwani mwaka 1968, na kufikia 1995 Barbara Rothbaum na wenzake wa Marekani walikuwa wamechapisha matokeo ya kutibu hofu ya mahali pa juu kwa njia hii. Ubao wangu wa Sabasaba ni mjukuu wa kazi ile.

Tiba ya hofu, ukiivua majina makubwa, inamtaka mtu akae na kitu anachokiogopa muda wa kutosha bila kukimbia, mpaka mwili ugundue kwamba lile janga lililotarajiwa halikuja. Hofu hupanda, husimama, kisha hupoa. Anayekimbia kila inapopanda hajawahi kuiona ikipoa, kwa hiyo anaamini ingepanda hadi imuue. Mtoto anayeogopa bahari hafundishwi kwa mhadhara. Anashikwa mkono pale Kigamboni, leo maji yafike kwenye vifundo, kesho magotini.

Kwa bulimia na ulaji wa pupa, bahari yenyewe ni chakula pamoja na kila kinachokizunguka. Pupa haianzi mdomoni. Inaanza saa kumi na moja jioni, nyumba haina mtu, mtihani umeenda vibaya, mlango wa friji umefanya ule mlio wake. Baada ya kurudiwa mara nyingi, saa ile, chumba kile na upweke ule vinakuwa kengele, kama kengele iliyowatoa mate mbwa wa Pavlov, yule mtafiti wa Urusi aliyekuwa akiwalisha kila ilipolia. Mwili unajiandaa kula kabla mwenyewe hajaamua lolote. Mtaalamu angependa kukaa na mgonjwa wake jikoni kwao saa hiyo, kengele ilie na isifuatwe na chochote, mara nyingi, mpaka izoeleke. Ila hawezi kwenda jikoni kwa kila mtu saa kumi na moja, na mgonjwa akiletewa sahani ofisini anakutana na chakula bila ule upweke wake.

Hapo ndipo wataalamu wa Barcelona, José Gutiérrez-Maldonado na Marta Ferrer-García miongoni mwao, walipoiona nafasi ya miwani. Walijenga jiko, meza ya kulia, chumba cha kulala na mgahawa, wakaweka vyakula vya kuchagua. Mgonjwa anasema kipi kinamshinda zaidi na wapi, vinapangwa kuanzia chepesi hadi kizito, kisha anakaa navyo. Anakiinua kile chakula cha picha, anakigeuza, anakirudisha, huku akitaja kiwango cha tamaa na wasiwasi wake, mpaka kiwango hicho kishuke. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 2017 walichukua watu 64 ambao tiba ya kawaida ya mazungumzo ilikuwa haijawatosha. Nusu waliongezewa miwani, nusu waliongezewa mazungumzo zaidi. Mwishoni walioacha kabisa kula kwa pupa walikuwa asilimia 53 upande wa miwani na asilimia 25 upande wa pili. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote katika uwanja huu, kwa sababu unalinganisha miwani na tiba yenye heshima yake, si na kutofanya lolote. Lakini waliotibiwa hawakuwa wanafunzi wa kidato cha pili. Ni watu wazima, na anayeuhamishia ushahidi huo kwa vijana anapaswa kuusema hivyo.

Anoreksia ni ngumu zaidi, maana kinachoogopwa hakiko mezani tu. Ni mwili wenyewe.

Jaribio moja la Uholanzi silisahau. Mwaka 2013 Anouk Keizer na wenzake wa Utrecht waliwapitisha wanawake kwenye uwazi kama wa mlango uliokuwa ukibadilishwa upana, huku fikra zao zimeshughulishwa na kazi nyingine. Sote tukikaribia upenyo mwembamba tunageuza bega bila kufikiri. Wanawake wasio na ugonjwa walianza kugeuza bega uwazi ulipokuwa umezidi upana wa mabega yao kwa asilimia 25. Wenye anoreksia waligeuza mapema zaidi, uwazi ukiwa bado umezidi kwa asilimia 40. Miili yao ilitembea kama ya watu wanene kuliko walivyokuwa. Tangu nisome habari hiyo, nikiwa ndani ya basi la mwendokasi nikamwona binti mwembamba kama ufito akijikunja kwenye njia ambayo mimi na vikapu vyangu tumepita wima, najizuia kuwaza. Kila anayejikunja si mgonjwa. Ila mwenye ugonjwa huo akisema "mimi ni mnene", hadanganyi wala hatafuti sifa. Ramani ya mwili iliyo kichwani mwake imekosewa vipimo, na bega linaitii ramani.

Giuseppe Riva wa Milan, aliyeanza kutumia uhalisia pepe kwa taswira ya mwili tangu miaka ya 1990, anaieleza kama kufuli. Kwa nadharia yake, mgonjwa amefungiwa kwenye kumbukumbu ya zamani ya mwili wake kama unavyoonwa na mtu wa nje, na taarifa mpya kutoka kwenye macho na ngozi haziwezi kuisahihisha. Ndiyo maana kupungua hakumridhishi. Mwili unapungua, picha imebaki palepale.

Ufunguo mmoja wa kufuli hilo unatokana na mzaha wa maabara. Mwaka 1998 watafiti Botvinick na Cohen walionyesha kwamba ukiuficha mkono wa mtu, ukaweka wa mpira mbele yake, ukaipapasa yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja, baada ya muda atauhisi ule wa mpira kuwa wake. Ndani ya miwani inawezekana kuazima mwili mzima. Mgonjwa anatazama chini anaona kiwiliwili pepe; akiinua mkono nacho kinainua; tumbo la picha likipapaswa, na lake linapapaswa sekunde ileile. Keizer alifanya hivyo mwaka 2016 kwa mwili pepe wenye ukubwa wa afya, na wenye anoreksia wakapunguza kuukuza mwili wao katika makadirio, hata walipopimwa tena saa mbili na zaidi baadaye.

Kundi la Barcelona, safari hii Bruno Porras-Garcia akiwa mbele, liliitia hila hiyo ndani ya tiba. Kijana anapewa mwili pepe unaofanana na wake na kusimama mbele ya kioo pepe. Anaulizwa anahisi nini akitazama mapaja, tumbo, mikono. Wasiwasi unapimwa kila baada ya muda mfupi. Ukipoa vya kutosha, mwili ndani ya kioo unaongezwa kidogo. Wasiwasi unapanda tena, wanasubiri, unapoa, mwili unaongezwa tena, mpaka ufikie uzito wa afya, yaani ule ambao tiba nzima inamwelekeza na anaouogopa kuliko kitu chochote. Anaonana na mwili wake wa kesho kabla haujafika. Matokeo ya mwaka 2021, kwa wagonjwa 35 na vikao vitano vilivyoongezwa juu ya tiba ya hospitali, yalionyesha hofu ya kunenepa ikishuka zaidi kwa waliopitia kioo hicho. Wagonjwa 35 ni wachache. Sitaki mtu asome hapa akadhani jambo limekwisha.

Kuna mambo ambayo miwani haiwezi, na la kwanza ni ubongo wenye njaa. Mwaka 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya waliojitolea, kwa miezi sita. Hawakuwa na ugonjwa wa ulaji. Lakini njaa ilipokolea walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kujitenga, kukasirika ovyo. Sehemu kubwa ya tabia tunazodhani ni za anoreksia ni za njaa. Kwa hiyo kijana aliyedhoofika sana anahitaji kwanza daktari, vipimo vya damu na moyo, na kulishwa taratibu chini ya uangalizi, kwa kuwa chakula kingi cha ghafla kwenye mwili uliokauka kinaweza nacho kuvuruga madini na moyo. Ukimvalisha miwani kabla ya hapo unampotezea muda, na muda ndio hana.

La pili ni familia. Kwa vijana wenye anoreksia, tiba yenye ushahidi wenye nguvu zaidi bado ni ile iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980: wazazi wanafundishwa kushika usukani wa ulishaji, kijana akipata nguvu anarudishiwa hatua kwa hatua. Haina kifaa. Ina mama anayekaa mezani saa nzima mbele ya sahani isiyoguswa bila kufoka wala kuondoka. Atakayekuuzia programu ya kumtibu mwanao peke yake chumbani, mkwepe. Zaidi ya hayo, miwani hii husababisha kizunguzungu kwa baadhi ya watu, na watengenezaji wake wengi hawakuitengeneza wakiwafikiria watoto wadogo. Kioo kinachonenepesha mwili, akikichezea mtu asiye na mtaalamu pembeni, kinaweza kuongeza hofu badala ya kuipoza.

Tuseme basi kliniki moja ya Dar imepata miwani na mwanasaikolojia aliyefundishwa. Akifungua programu iliyotengenezwa Ulaya atakuta jiko lenye oveni, mgahawa wenye keki za krimu, na mtu mmoja mezani na sahani yake. Binti wa Mbagala atatazama keki ile kama anavyotazama theluji: nzuri, haimhusu. Wasiwasi hautapanda, na usipopanda hakuna cha kupoza. Kengele zake ziko kwingine. Ziko kwenye kibanda cha chipsi mayai, mafuta yakichemka na muuzaji akiuliza "nikufungie?" Ziko kwenye mihogo ya Coco Beach siku ya Jumapili na marafiki wenye kamera. Ziko bwalo la bweni, ugali na maharage, na foleni nyuma yake inayoona ameacha kiasi gani.

Zaidi ya vyote ni sinia. Kula peke yako kwenye sahani kuna maficho yake: unasogeza, unatawanya, unafunika kwa kijiko. Kwenye sinia la pilau la watu sita, mkono wako unaonekana. Usipopeleka unaulizwa, ukipeleka sana unatazamwa. Shangazi anakusogezea mnofu upande wako kwa mapenzi tu, na kwa binti huyu mnofu ule ni mlima. Mtu akitaka kutengeneza chumba pepe cha kutibia vijana wa pwani, aanze na sinia hilo: mikono mitano ya wengine, mkeka, ndimu, na sauti ya mtu mzima ikisema "mbona huli, mwanangu?" Picha si ngumu kutengeneza kwa vijana wetu wanaochora michezo ya simu. Sauti ndiyo nadhani itahitaji umakini, kwa sababu ikiwa kali inakuwa vitisho, ikiwa laini mno si shangazi.

Wakati hayo yakisubiriwa, mlango wa kuingilia ni uleule wa magonjwa mengine. Mzazi anayeona binti au kijana wa kiume (nao wapo, na hugundulika kwa kuchelewa) anakwepa meza, anakwenda chooni kila baada ya kula, hedhi imekatika, anahisi baridi Januari ya Dar, au anaanguka paredi, aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana, Temeke au Mwananyamala, na aombe kuelekezwa huduma za afya ya akili. Muhimbili wana idara yao. Aseme waziwazi kwamba anashuku tatizo la ulaji, maana asiposema, vidonda vya tumbo na malaria vitapimwa kwanza. Kuzimia, kutapika damu au mapigo ya moyo kwenda ovyo si mambo ya kusubiri Jumatatu.

Na kama siku moja kliniki ile itakuwepo, kikao cha mwisho hakitakuwa na miwani. Mtaalamu na binti watavuka barabara hadi kwa mama lishe, wakae kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wali na maharage mbele yao, jasho limeanza viganjani kama langu kwenye ule ubao. Mama lishe, ambaye hajui lolote kuhusu Barcelona, atakuja na upawa wake na kuuliza kama aongeze mchuzi.

"Kidogo," binti atajibu, au atasema hapana, na watakaa hapo hadi wasiwasi upoe.